Waridi la Timau Lililohamia Manyatta

Tata Karimi mpendwa,

Nilikuita mwizi watu wakisikia, kwa hiyo barua hii nayo naiandika wazi, aisome anayetaka. Wasiokujua wajue kwamba ulikuwa dada wa baba yangu, kwamba uliolewa Manyatta kule Embu, na kwamba mama yangu alipofariki nikiwa darasa la nne, uliacha nyumba yako ukaja kwetu Kaaga, hapa Meru, kunilea. Ulikuja kwa wiki mbili. Ukakaa miaka ishirini na sita.

Acha nianze na lile waridi, kwa sababu ndilo lililotugombanisha.

Baba alilileta mwaka ule ule uliokuja wewe. Alikuwa mtunza bustani Timau, kwa mama mmoja mzungu mzee aliyebaki peke yake katikati ya ngano. Nyumba ilipouzwa na bustani ikawa inang'olewa ili wajenge vibanda vya plastiki vya maua, Baba alirudi nyumbani na fimbo sita za waridi zimefungwa kwa gazeti lililoloa, amezisimamisha ndani ya gambuti moja kama mtu aliyebeba samaki. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Yeye hakucheka. Alikuwa amekwisha kupanda waridi-mwitu mbele ya nyumba, lile gumu la miiba mingi ambalo watu hutumia kwa ua wa boma. Akatoa kisu chake kidogo cha kukunja, akakata jicho moja, pale tawi jipya linapochipukia, kutoka kwenye fimbo, dogo kama ukucha wa mtoto, akalipenyeza chini ya ganda la lile la mwitu. Wewe ulikuwa unamkatia vipande vya karatasi ya maziwa, naye anafunga, jicho kwa jicho, mdomo ameubana.

"Tunafanya nini?" niliuliza.

"Tunambebesha huyu mtoto wa mwenzake," alisema. "Hili halipandwi kwa mbegu. Mbegu yake, hata ikiota, haitafanana naye. Mahali popote utakapoliona, Nkatha, ujue kuna mkono wa mtu uliolipeleka."

Maneno hayo niliyashika. Laiti ningeshika mengine.

Lilipochanua tuliitana wote watatu. Tumba lilikuwa refu, limechongoka kama ncha ya kalamu, na kila tawi lilibeba ua moja tu. Petali zilikuwa za rangi ya waridi iliyokolea kwa ndani, na nyuma zina weupe wa fedha, zinajikunja kwenye kingo. Shingo ilikuwa dhaifu. Ua lilipokomaa lilikuwa zito mno, likainama, ikabidi ulinyanyue kwa kidole ili ulione uso. Na ile harufu! Ilikuwa kama pera lililoiva lililowekwa ndani ya pakiti ya majani ya chai. Baba alituambia wazungu waliyapa mawaridi haya jina la chai kwa ajili ya harufu hiyo. Yule mama alikuwa amemsimulia kwamba zamani, zaidi ya miaka mia moja, watu wa Ulaya walichukua waridi la China, linalochanua mwaka mzima lakini linaogopa baridi, wakalioanisha na lao linalovumilia baridi. Hili letu lilikuwa miongoni mwa watoto wa mwanzo mwanzo. Jina lake la kizungu Baba alilisahau njiani. Sisi tuliliita la Timau.

"Haya ya siku hizi ya kwenye plastiki," alikuwa akisema, "yana shingo kama askari lakini hayanuki kitu."

Kila Krismasi ulikata moja tu, ukaliweka kwenye glasi karibu na picha ya Mama. Kwenye mvua za Aprili majani yalishikwa na madoa meusi, nawe uliyaokota moja moja kutoka chini ukayachoma, ukiyagombeza kwa Kimeru kama kuku walioingia jikoni. Nakumbuka kanga yako ya njano na mikono yako imechubuka kwa miiba. Hata siku moja hukusema umechoka na sisi.

Kisha Baba akafa, na mimi nikaharibika.

Kazi yangu unaijua. Mimi ni karani katika ofisi ya wakili hapa mjini Meru, na kutwa nzima nachapa kesi za ndugu wanaonyang'anyana mashamba. Shangazi amemficha mpwa wake cheti. Mjomba ameiga sahihi ya marehemu. Ukisoma mambo hayo miaka kumi na mitano, unaanza kumtazama kila mtu kama upande wa pili wa kesi. Baba alipokuwa hai nilikuwa nikiyaacha hayo ofisini. Alipoondoka nikayabeba hadi nyumbani, hadi mezani, nikakutazama ukila.

Cheti cha kumiliki ploti ya Kaaga hatukukiona baada ya mazishi. Hapo ndipo nilipoanza kukuchunguza. Ukaanza kuongea kwa simu nyuma ya jikoni, kwa Kiembu, sauti umeishusha. Nilipotokea ulibadilisha, ukamwuliza huyo wa upande wa pili habari za mvua. Siku moja nilikukuta umepiga magoti chini ya waridi, umefukua udongo kwa mikono mpaka mizizi imetoka nje. Uliponiona ukaurudisha haraka.

"Kuna nini hapo, Tata?"

"Napalilia tu, mwanangu."

Lakini hukuwa na jembe.

Jirani yetu mmoja alinisubiri langoni jioni ile. Jina lake naliacha, mwenyewe atajijua. "Nkatha, mimi sisemi kitu," alisema. "Lakini mtu akichimbachimba chini ya ua la marehemu, huwa anatafuta nini?" Na kweli hakusema zaidi. Mengine yote nilijisemea mwenyewe: kwamba kuna kitu Baba alikizika pale na wewe unakijua, kwamba unakitafuta ili Manyatta ipate ploti ya Kaaga, kwamba miaka ile yote ya uji na sare zilizopigwa pasi ilikuwa hesabu ya mtu mvumilivu.

Nikaanza kukutega. Nilifunga uzi mwembamba kwenye mlango wa kabati la Baba ili ukifungua ukatike. Kila jioni niliukuta mzima. Unajua hilo nililionaje? Nilisema, huyu ameujua uzi. Nikawa narudi saa ya chakula cha mchana bila kukuambia, naingia kimyakimya. Nilikukuta unachambua maharagwe. Ulifurahi kuniona, ukapasha githeri, na mimi nikala huku nikijiuliza mbona umefurahi hivyo.

Halafu ikaja Jumamosi ile ya Julai. Baridi ilikuwa kali, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa. Nilikuwa nimetoka sokoni. Nilipofungua geti niliona mahali pa waridi ni peupe. Ulikuwa umelikata lote, limebaki visiki vya kufika gotini. Ulikuwa umesimama hapo na kisu cha Baba mkononi, na kando yako gunia lililoloa limefungwa kamba.

"Tata, umefanya nini?"

"Nkatha, tulia nikueleze."

"Unaiba hata ua la mtu aliyekufa?"

Nilisema kwa sauti. Nilitaka isikike. Watu wawili watatu wakasimama kwenye ua wa boma, na jirani yetu naye akatoka, anajifuta mikono kwa aproni.

"Mwanangu, mti huu umeoza chini," ulisema.

Tata, mimi nilisikia umetukana ukoo. Nilisikia unasema Baba na kizazi chake wameoza. Nikakuambia urudi kwenu, kwamba hapa si kwenu na hapajawahi kuwa kwenu, na kwamba mwizi hulelewa na nani mpaka akalee watoto wa watu. Hilo la mwisho sijui hata lilitoka wapi. Uliweka kisu kwenye ngazi ya mlango, polepole, kama mtu anayeweka yai. Ukaingia, ukatoka na mkoba wako mmoja. Gunia ukalitwika kichwani. Hukuniaga, na mimi sikukuzuia.

Wiki iliyofuata nilikipata cheti. Kilikuwa ndani ya kabati lile lile, chini ya gazeti lililotandikwa kwenye droo, mahali Baba alikiweka mwenyewe. Ungedhani hapo ningekupigia simu. Nilijiambia hilo la cheti ni jambo moja na hili la waridi ni jingine.

Visiki vilichipua chini kabisa, karibu na udongo. Vilichipua kwa nguvu ya ajabu, matawi marefu yanayopindapinda, majani membamba ambayo sikuyajua. Nikafurahi, nikasema umeshindwa. Kisha yakatoka maua, madogo meupe, yamejaa kwenye kichala kimoja kama popkoni, hayana harufu. Nilisimama nikiyatazama asubuhi moja kabla ya kwenda kazini. Nilijua la kufikiri, na nikalifikiri: umelifanyia kitu. Nilimwita mchungaji, tukaombea kichaka.

Mwezi wa Machi binti yako Wawira alinipigia. Hatukuwa tumezoeana. Alikuwa mtoto uliyemwacha Manyatta kwa bibi yake ulipokuja kunilea mimi.

"Mama ni mgonjwa," alisema. "Anakuulizia."

"Anaumwa nini?"

"Njoo tu umwone."

Lile neno "njoo tu" ndilo nililolishika. Ofisini kwetu nimechapa kesi za watu walioitwa kwa wagonjwa wakakuta kikao cha wazee kinawasubiri na karatasi ya kutia sahihi. Nikamwambia nitakuja nikipata likizo. Akasema, "Haya," akakata.

Ulifariki baada ya siku kumi na moja.

Nilikuja kukuzika. Matope ya Aprili yalikuwa yamejaa kwenye viatu vya kila mtu, na kahawa iliyoizunguka nyumba yako ilikuwa inadondosha maji. Nilikaa na wanawake nyuma, nikiangalia nani anaongea na nani. Nilipoomba kuonyeshwa choo, nikapitia nyuma ya jiko lako, na harufu ikanifikia kabla sijaona kitu. Pera na majani ya chai. Waridi la Timau lilikuwa hapo, limefika kiunoni, lina ua moja limeinamisha kichwa kwa mvua. Nililinyanyua kwa kidole. Mgongo wa petali ulikuwa wa fedha.

Nitakuambia ukweli kwa sababu siwezi tena kukuficha: nilifarijika. Nilisimama kwenye msiba wako, jeneza lako liko upande wa pili wa ukuta, nikafurahi kwamba nilikuwa sahihi. Uliliiba kweli. Niliondoka kabla ya chakula.

Aliyenifungua macho ni Mama Zainabu. Mumewe ana bucha mjini, naye anauza miche kando ya barabara, ndani ya makopo na vikasha. Nilimpelekea kichala cha yale maua meupe, nikamwambia nataka dawa ya kuua mti mzima mpaka mizizi.

Akakigeuza, akayahesabu majani. "Saba," alisema. "Hili ni la mwitu, dada; la bustani mara nyingi huwa na matano. Ulikuwa na lingine juu yake?"

"Lilikatwa. Tangu siku hiyo limebadilika."

"Hakuna lililobadilika. Lile la juu limekufa, hili la chini ndilo limebaki. Nani alikata?"

"Mtu mbaya."

Alifunga kibanda, tukaenda naye Kaaga. Alipiga magoti pale pale ulipokuwa umepiga magoti wewe, akafukua kwa mikono. Mahali Baba alipounganisha miti miwili palikuwa na uvimbe mweusi wenye vinundu kama tangawizi. Aliubonyeza kwa kidole, kidole kikazama.

"Tazama. Umeoza hapa chini. Kwa juu ungeona majani mazuri tu, usijue. Aliyekata alijua. Unakata matawi yaliyo salama, unayaweka penye unyevu, unawahi kuyabebesha kwenye shina jingine siku ile ile. Angengoja mvua za Oktoba usingepata hata jicho moja." Akajipangusa magoti. "Huyo mtu mbaya yuko wapi? Mimi ningependa kumjua."

Nilikaa kwenye ngazi, pale ulipokiweka kisu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Manyatta. Wawira alikuwa anamkatia ng'ombe majani. Aliniona, akaendelea kukata.

"Umekuja kuchukua ua lako?" aliuliza.

"Nimekuja kuuliza."

"Uliza."

Nikamwuliza kuhusu zile simu za nyuma ya jikoni. Alisimamisha panga.

"Alikuwa ananiambia nipande waridi-mwitu nilimwagie maji. Kumi na mbili. Alisema mti wa ndugu yake unakufa na wewe usijue, kwa sababu umezika mtu juzi na hujapona. Alitaka abebeshe huku, likishika akurudishie, apande pale pale, wewe uone tu linachanua." Alifuta panga kwa jani. "Ile Julai ganda lilikuwa limekauka kwa baridi. Mikono yake nayo ilikuwa inatetemeka, kwa vile alikuwa amefukuzwa asubuhi hiyo. Macho kumi na moja yalikauka. Moja likashika. Alikuwa analitazama kila asubuhi kabla hajanawa uso."

"Mbona hakunipigia simu?"

"Mbona wewe hukumpigia?"

Akarudi kukata majani. Kisha akasema, bila kunigeukia, "Alisema ukija uchukue."

Na mimi, Tata, hata hapo, hata baada ya hayo yote, mdomo wangu ukasema: "Alisema lini?"

"Unaniuliza kama polisi," alisema Wawira. Hakupandisha sauti. "Mama alikulea wewe miaka ishirini na sita. Mimi nilikuwa nampata wiki moja kila Desemba. Hajaacha kitu kingine hapa nyuma ya jikoni, ni hilo. Nakupa, na bado unataka tarehe."

Nikaona aibu. Nikamwambia hapana, libaki. Nilikuwa nimeliwaza njiani kote: nikilichukua, nitakuwa nimeapa upya kwamba liliibiwa. Nilidhani atafurahi.

Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Hulitaki? Kwa nini? Unaogopa nimelitia dawa?"

Hilo lilinipiga. Uso ule niliufahamu, ni wangu niliokuwa nautembeza Kaaga. Neno asingeliamini, kwa hiyo nilifanya kile kilichonijia. Nililiinamia lile ua, nikang'oa petali moja, nikaitia mdomoni nikaitafuna na kumeza. Ni chungu kidogo. Wawira akashangaa, halafu mabega yakaanza kumtetemeka. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kisha akawa analia kweli, na mimi pia. Ng'ombe akapiga kelele akidai majani yake.

Alikata fimbo tatu mwenyewe, akazifunga kwa jani la mgomba. Tulikunywa chai jikoni kwako. Alinionyesha kiti chako, sikukikalia.

Nimebebesha kwenye miche mipya ya waridi-mwitu kwa mikono yangu, na Mama Zainabu amenisimamia akinigombeza. Macho mawili yameshika. Na Jumapili baada ya ibada niliwaambia wale waliokuwepo Julai ile, mmoja mmoja, kwamba hukuiba kitu. Jirani yetu alisema, "Mimi sikusema kitu." Nikamjibu kwamba ni kweli, niliyesema ni mimi.

Usidhani nimepona. Nikilala chali najiuliza kama kweli ulisema nichukue, au Wawira alinitungia kwa huruma. Najiuliza kama uliponiulizia ulitaka kunisamehe, au ulitaka kuniambia yale uliyoyameza kwenye ngazi. Hilo hakuna wa kunijibu, na najua ni kwa nini hakuna. Nilikuwa na siku kumi na moja.

Wawira anakuja Kaaga Jumamosi hii, alale siku mbili. Aliomba mwenyewe. Moyo wangu umekwisha kuanza kunong'ona mambo yake. Nimeuacha unong'one, nami nimefua mashuka yako, nimeyaanika, na nimemtandikia chumbani kwako.

Nilikukosea, Tata. Pumzika.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, uliyemlea,
Nkatha